Kopo Lenye Mpira Mwekundu

Pwap.

Ndiyo sauti ya kifuniko cha kopo la siagi kikifunguliwa gizani. Sauti ndogo, kama midomo ya mtu aliyeibana kisha akaiachia. Umeme ulikuwa umekatika kabla sijarudi kutoka darasa la jioni, na mshumaa wenyewe ulikuwa umebaki kipande kidogo, nimeusimika karibu na jiko ili nisije nikajiunguza. Kwa hiyo upande wa friji nilifanya kazi kwa vidole na pua. Nilipiga magoti, nikapapasa, nikafungua kopo la kwanza.

"Wewe ulikuwa nani jana?" nikaliuliza.

Binti yangu alikuwa kwenye kigoda nyuma yangu, kijiko mkononi kama kawaida yake. Alianza kushika kijiko kabla hajaanza kutembea, na hadi leo, akiwa na miaka minne na nusu, analala nacho. Jina lake la kweli analijua mwalimu wa chekechea tu. Sisi wengine tunamwita Kijiko.

Akabana pua, akalijibia kopo: "Nilikuwa waaali."

"Na leo unataka kuwa nani?"

"Keki!"

"Keki ya nini na sukari imeisha? Kuwa donge."

"Haya. Donge."

Huo ndio mchezo wetu. Kila nikitoa kiporo kwenye friji nakihoji, na Kijiko anakisemea. Mchana nafagia na kupanga bidhaa kwenye duka la vitambaa, jioni naingia darasani kutafuta cheti nilichokiacha nilipopata mimba, na nikifika nyumbani kinachopikwa ni kile kilichobaki. Mume wangu ni mwoka mikate. Yeye ndiye aliyekipa chakula chetu jina. Akichungulia sufuria hunyoosha mikono juu na kusema, "Wafu wameamka! Leo tena ufufuo." Mama yake humpiga begani. "Maneno mengine hayachezewi, wewe." Kisha anakula kuliko sisi wote.

Makopo hayo mume wangu huyaleta kutoka kiwandani, maana siagi yao huja humo. Yote meupe, yote saizi moja, yote hayana maandishi tena kwa kusuguliwa. Mgeni akifungua friji yetu hawezi kujua kipi ni maharage na kipi ni uji. Ndiyo maana mama mkwe alituwekea sheria: kopo lenye mpira mwekundu, ile mipira inayokuja imefunga mafungu ya mboga, si chakula. Humo mna wanga wa kunyooshea nguo, au mabaki ya sabuni, au gundi ya viatu. Mpira mwekundu, usiguse. Sheria hiyo hata Kijiko anaijua, na hatujawahi kukosea.

Pwap. Maharage.

Pwap. Samaki.

"Wewe ulikuwa nani?"

"Nilikuwa samaki wa juzi," akasema Kijiko kwa sauti ya bubujibubuji, nasi tukacheka.

Nilikomba, nikaponda pamoja na kitunguu kilichokuwa kimeanza kuota, nikaviringa madonge, nikayachovya kwenye yai la mwisho na kuyakaanga. Nilikuwa na furaha jioni ile. Mwalimu wa sayansi alikuwa ameniambia kwamba nikiendelea hivi, mwaka huu naweza kufanya mtihani. Nilitaka kumwambia mume wangu kabla hajaondoka kwenda zamu. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba niliona hata dari limetulia. Kwa kawaida saa hizo panya huwa wanafanya mbio za magunia juu yetu. Jioni ile, kimya. Nikadhani ni kwa sababu ya giza.

Mume wangu akala mawili kwa kusimama, akasema, "Mke wangu msomi, nikuite madam?" akajaza mengine kwenye kopo lake la zamu na kuondoka akipiga mluzi. Sisi watatu tukakaa mkekani. Kijiko akauma donge, akasita.

"Mama, linakwaruza."

"Ni ukoko wa wali," akasema mama mkwe. "Tafuna. Ndiyo meno yanakua."

Akatafuna. Akamaliza. Akaomba jingine, nikampa.

Mimi naosha huku napika. Ni tabia niliyoibeba kutoka darasani, na mume wangu hunitania kwamba siku moja nitaosha sahani mtu bado anailia. Kwa hiyo tulipomaliza kula makopo yalikuwa yameshasuguliwa na kuinamishwa kwenye kichanja pamoja na mengine matupu niliyoyakuta kwenye beseni. Nilikuwa nakausha mikono mama mkwe alipoingia jikoni na tochi yake ndogo, akafungua friji, akainama.

"Mama Kijiko."

"Abee, Mama."

"Lile kopo langu la mpira umelihamishia wapi?"

"Kopo gani?"

Alikuwa anahamisha vitu: chupa ya maji, limau, bakuli la unga. Mwanga wa tochi ukaruka kutoka rafu hadi rafu.

"Mama, kopo gani?"

"La panya."

Nilisikia maneno, lakini ilikuwa kama yamesemwa nyumba ya jirani. Akaeleza kwa haraka, bila kunitazama. Mchana, muuza dawa alipita mtaani. Yeye akanunua ile sumu ya chengachenga nyeusi. Akachukua nusu ya samaki aliyebaki, akachanganya, akafunga kopo, akavisha mpira. Panya hushuka jikoni kwa shimo lao la ukutani tukishalala, na kwa joto lile samaki angeoza kabla ya usiku. Ndipo akaliweka kwenye friji.

"Kwenye friji, Mama?"

"Niliweka mpira! Mwanangu, niliweka mpira mwekundu, nikauzungusha mara mbili."

Chengachenga nyeusi. *Mama, linakwaruza.*

Nikashika ukingo wa sinki. Halafu nikakumbuka, na pumzi ikarudi. "Sikuvua mpira wowote," nikasema. "Mama, nisikilize. Nilifungua kopo la wali, la maharage, la samaki. Yote yalifunguka hivi hivi. Hakuna mpira niliougusa. Ningeuhisi."

Mama mkwe akaweka mkono kifuani. "Hukuvua?"

"Sikuvua."

"Sasa kopo limekwenda wapi?"

Akageuka kumulika chini ya meza, na mwanga ukampita Kijiko aliyekuwa mlangoni. Nikamshika mama mkwe kiwiko. "Rudisha hapo."

Tochi ikarudi. Asubuhi nilikuwa nimemfunga nywele kwa utepe wa bluu. Utepe haukuwepo. Kishungi chake kilikuwa kimesimama wima juu ya utosi, kimefungwa kwa mpira mwekundu, umezungushwa mara mbili.

Nafikiri nilipiga kelele. Nilijikuta nimemshika mabega. "Huu umeutoa wapi? Kijiko! Umeutoa wapi huu?" Nilikuwa namtikisa. Macho yake yakawa makubwa, yakatoka kwangu yakaenda kwa bibi yake, yakarudi. Kisha akafanya anachofanya kila akifokewa: akatia kijiko mdomoni na kukibana kwa meno. Akishafanya hivyo hata umpe pipi hasemi.

"Uliuvua kwenye kopo? Kopo la kwenye friji?"

Machozi yakajaa. Kijiko hakikutoka.

Nilipogeuka nilimkuta mama mkwe ameketi sakafuni, sahani ya madonge yaliyobaki iko mapajani, anakula. Anajaza mdomo kwa mikono miwili, mashavu yamevimba.

"Mama! Unafanya nini?"

"Acha nile. Kama ni sumu, inianze mimi."

Nilimpokonya sahani. Tulivutana kweli, mimi na mama mkwe wangu, kama watoto wanaogombea mwanasesere, na donge moja likabingirika hadi chini ya friji. "Na wewe ukianguka nani atanisaidia kumbeba?" nikamwambia. Hapo ndipo alipoachia. Akasimama, akakimbilia maziwa.

"Maziwa hapana, Mama."

"Maziwa yanakata sumu, tangu zamani."

"Mwalimu alisema tusimpe kitu chochote wala tusimtapishe, tumkimbize hospitali. Na mikono tuioshe, yake na yetu." Nilikuwa nalia na huku nasema kama ninayejibu swali ubaoni. Aliniangalia. Mwanamke yule amelea watoto sita. Akarudisha maziwa, akachukua sabuni.

Zahanati ni mitaa miwili kutoka kwetu. Nilimfunga Kijiko mgongoni kwa kanga, nikabeba sahani ya madonge imefunikwa kwa kitambaa, mama mkwe akamulika mbele. Mtaa mzima ulikuwa giza, watu wamekaa vibarazani wanasubiri umeme na kupiga soga. "Mama Kijiko, mnapeleka karamu wapi?" mmoja akauliza, wengine wakacheka. Nilikuwa nasikiliza mgongo wangu. Kila pumzi ya mtoto iliyonigusa shingoni niliipokea, kisha nikaingoja nyingine, na katikati ya moja na nyingine hapakuwa na kitu duniani. Mara moja alikohoa. Nilisimama katikati ya njia nikashindwa kuinua mguu, hadi mama mkwe akanishika mkono na kunivuta.

Njiani nilipiga simu kiwandani. Mume wangu huacha simu yake kwenye kabati akiwa zamu, kwa hiyo nilipiga ya ofisi. Akapokea mwoka mikate mwenzake, mtu wa utani.

"Shemeji! Leo umetukumbuka!"

"Mwambie asile. Mwambie mume wangu asile kile chakula."

"Chakula kipi?"

"Ufufuo! Madonge! Kopo lake!"

Akacheka. "Umechelewa, Shemeji. Tulivamia kopo kabla hajafunga aproni. Mimi mwenyewe nimelamba hadi kifuniko. Ulitia nini humo, mbona…"

Sikumbuki nilivyomwambia. Nakumbuka kicheko kilivyokatika, kama bomba lililofungwa.

Nesi wa zamu alikuwa peke yake na taa ya kuchaji. Mwanamke mwembamba, viatu vya kanda, hana haraka, na kule kutokuwa na haraka kwake kulinitisha na kunituliza kwa pamoja. Akamlaza Kijiko kitandani. Akamulika jicho hili, akamulika lile. Akachungulia mate, akanusa mdomo, akaweka vidole kwenye mkono na kutazama saa yake.

"Pakiti ya dawa iko wapi?"

"Haikuwa na pakiti," akasema mama mkwe. "Alinipimia kwenye karatasi."

"Karatasi ina jina?"

"Ni karatasi ya daftari, mwanangu. Nimeichoma."

Nesi akavuta pumzi kwa pua. Hakumgombeza. Akafunua sahani yangu, akapasua donge kwa kijiti, akalisogeza chini ya taa. Mle ndani, kati ya wali na samaki, kulikuwa na punje nyeusi. Sote tuliziona. Akaibonyeza moja kwa kucha.

"Inaweza kuwa wali ulioungua," akasema. "Inaweza kuwa siyo."

"Huwezi kujua?"

"Kwa macho, mama, siwezi. Nimeshamwita daktari, yuko njiani. Mtoto kwa sasa yuko sawa. Nitakuwa namwangalia, na nyinyi pia. Kama alikula, dalili zinaweza kuja. Kama hakula, hazitakuja. Kinachonisaidia zaidi ni kujua lile kopo lilikwenda wapi." Akageuka kwa Kijiko, akainama. "Mrembo, huo mpira wako ulitoka wapi?"

Kijiko akabana kijiko.

"Jibu nesi!" mama mkwe akasema, na sauti ikampasuka. "Bibi anakuomba, mjukuu wangu, jibu!"

Mtoto akageuzia uso ukutani.

Mume wangu akaingia mbio. Alikuwa na unga kuanzia nyusi hadi kwenye viatu, mweupe pepe, na kwa mwanga ule wa taa nilishtuka kana kwamba ni mtu aliyetoka kaburini. Hakuna aliyesema neno la ufufuo. "Wenzangu wako nje," akasema. "Wote wazima mpaka sasa. Mtoto je?" Kisha akamwona, akapiga magoti kando ya kitanda. "Kijiko, mwanangu, sema na Baba. Ulifungua kopo la Bibi? Ndiyo au hapana? Tikisa kichwa tu!"

Hakutikisa. Alikuwa anatetemeka kidogo, na mimi sikujua kama ni hofu yake au ndiyo dalili zenyewe zimeanza. Nesi naye hakujua. Nilimwona akimshika tena mkono na kutazama saa.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Ndani ya mkoba wangu kulikuwa na kitabu cha sayansi, na ndani ya kitabu sura nzima ya sumu za nyumbani, na hakuna mstari humo ulioniambia nimfanyeje mtoto anayeogopa sura ya mama yake. Maana hicho ndicho alichokuwa anakiogopa. Si sindano, si giza. Ni sisi. Watu wazima watatu waliomzunguka, macho yametutoka, kila mmoja anamtupia swali kama jiwe. Kama kopo lile lilikuwa tumboni mwake, dakika zilikuwa zinapita. Kama halikuwa, lilikuwa mahali fulani anapopajua yeye peke yake.

Nikawaambia watoke. Mume wangu akafungua mdomo. "Tafadhali, Baba Kijiko. Mpeleke Mama akakae." Wakatoka hadi mlangoni, wakasimama hapo. Nesi akasogea pembeni, akajifanya anapanga pamba.

Nilimfungua nywele taratibu. Mpira ulikuwa umenasa, nikaunasua unywele mmoja mmoja nisimwumize. Mikono yangu ilikuwa baridi, nikaipuliza kwanza. Nikauweka mpira kwenye kiganja changu, mbele ya macho yake. Nikaulainisha uso wangu kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, maana ndani bado nilikuwa napiga kelele. Kisha sikumuuliza yeye. Niliuuliza mpira.

"Wewe ulikuwa nani jana?"

Nje, mtu alikohoa. Nilimwona mume wangu akiziba mdomo wake kwa mkono wenye unga.

"Huyu hasikii," nikamwambia Kijiko. "Pengine amechoka. Hebu nimuulize tena. Wewe mpira, jana ulikuwa nani?"

Kijiko akautazama. Polepole, akakitoa kijiko mdomoni. Akabana pua.

"Nilikuwa kwenye mboga," akasema kwa sauti nyembamba.

"Ahaa. Na leo ulikuwa nani?"

"Nilikuwa askari."

"Askari wa nini?"

"Wa kopo. Nilisema, msiguse, si chakula cha watu."

Nikaendelea kutabasamu. "Askari hodari. Halafu nani akakufungua?"

Akafikiri. "Kijiko. Nilimwambia kopo linanibana, akanifungua, akanifanya ua la nywele."

"Na yeye Kijiko, alikula kilichokuwa ndani?"

Aliachia pua. Akanitazama mimi sasa, si mpira, na kwenye uso wake kulikuwa na ule mshangao wa mtoto anayeona mama yake, pamoja na kusoma kwake kote, ameuliza jambo la kijinga. Aliongea kwa sauti yake mwenyewe, ya juu, hadi baba yake na bibi yake wakasikia mlangoni.

"Chakula cha panya niliwawekea panya kwenye shimo lao."